Kupima kontroli boksi na sensa mezani: karakana moja ya Nyakato, Mwanza

Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenye magari wa Mwanza na mikoa jirani ambao wameambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba kontroli boksi la gari, yaani kompyuta inayoiongoza injini, limekufa na kwamba dawa yake ni kununua jingine. Ipo karakana Nyakato ambayo hulitoa boksi hilo kwenye gari, hulilaza mezani, hulipatia umeme na ishara zote ambazo injini ingelipatia, kisha hukuonyesha kwa macho yako kama linafanya kazi au halifanyi. Nilipeleka la kwangu na kukaa pale tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Huduma hiyo inastahili fedha yake, ingawa yapo mambo ambayo fundi anapaswa kuyarekebisha, nami nitayaeleza.

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2003 yenye injini ya 1NZ-FE ya lita moja na nusu. Kwa muda wa miezi miwili ya kiangazi lilikuwa likizima ghafla baada ya mwendo wa nusu saa hivi, na mshale wa mizunguko ya injini ulikuwa ukianguka hadi sifuri papo hapo, kabla gari lenyewe halijasimama. Likiachwa dakika ishirini au thelathini, likawashwa tena, lilikuwa likiwaka kama gari lisilo na ugonjwa wowote. Mara ya kwanza lilinizimikia Usagara nikitoka Sengerema, mara ya pili Mkuyuni katikati ya foleni ya jioni, na mara ya tatu nikaamua kwamba sitaliendesha tena nikiwa na watoto ndani.

Gereji niliyoanzia, ambayo sitaitaja, ilichomeka mashine ya kupimia ikasoma kosa la P0335. Fundi wa pale alichukua multimita, kile kipimo cha volti na omu, akapima sensa ya krenki, yaani ile inayoliarifu boksi jinsi shafti kuu ya injini inavyozunguka, akaiona ni nzima, na kwa kuwa sensa ilikuwa nzima akahitimisha kwamba kilichokufa ni kontroli boksi. Bei ya boksi la mtumba niliyotajiwa ilikuwa shilingi 450,000, bila dhamana, kwa maelezo kwamba vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na kilichonisumbua ni hoja yenyewe kuliko bei. Kosa la P0335 halisemi kwamba sensa imekufa, wala halisemi kwamba boksi limekufa. Linasema tu kwamba boksi halikuipata ishara ya krenki katika saketi ile kama lilivyoitarajia. Saketi hiyo ina sensa, nyaya mbili, soketi mbili na mlango wa kupokelea ishara ndani ya boksi. Kupima kimoja kikiwa baridi, kisha kumhukumu mwingine ambaye hakupimwa kabisa, hakuwezi kuitwa kipimo.

Karakana ninayoisifu haina bango. Iko upande wa Nyakato, ndani kidogo ukiacha lami ya Barabara ya Nyerere, na ukimuuliza fundi yeyote wa betri wa maeneo yale atakuelekeza kwa fundi wa kontroli boksi. Ni chumba kimoja chenye meza ndefu ya mbao iliyotandikwa mpira mweusi. Juu ya meza kuna chanzo cha umeme chenye namba nyekundu za volti na ampia, osiloskopu ndogo ya chaneli mbili, ambayo huchora mawimbi ya umeme kwenye kioo, mabunda ya soketi zilizokatwa kwenye magari yaliyokwisha, kila moja ikiwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa jina la injini, na kifaa ambacho sikuwahi kukiona katika gereji yoyote ya hapa mjini: gurudumu la meno la krenki lililotolewa kwenye injini chakavu na kufungwa kwenye mota ya umeme, ili sensa isogezwe karibu nalo na kupimwa likiwa linazunguka.

Fundi ni kijana wa makamo, mtaratibu, na hakugusa gari kabla ya kuuliza maswali. Aliuliza linazima likiwa moto au baridi, mshale wa mizunguko unaanguka kabla au baada ya injini kusimama, na kama kuna mtu aliyewahi kuchomelea bodi ya gari bila kuchomoa betri, au kuliwasha kwa betri ya gari jingine akageuza nyaya. Nilipomwambia kuhusu mshale alitikisa kichwa akaandika kwenye daftari lake. Kisha akafungua droo ya mbele ya abiria, akalitoa boksi, akaliunganisha mezani waya mmoja baada ya mwingine huku akinitajia kila mmoja: umeme wa kudumu wa betri, umeme wa swichi, nyaya za ethi, yaani za upande hasi wa betri, kisha waya wa kuendesha rilei kuu, ile swichi inayofungwa kwa umeme. Chanzo cha umeme alikiwekea kikomo cha ampia, akaniambia kwamba kama ndani kuna kitu kilichoungua, namba zitaruka juu na umeme utajizuia wenyewe kabla ya madhara kuongezeka. Namba zilitulia chini ya ampia moja. Rilei ikalia, na taa ndogo aliyoifunga mahali pa taa ya cheki injini ikawaka.

Kipimo chake cha kwanza kilikuwa volti tano. Kontroli boksi hutengeneza umeme wake wenyewe wa volti tano kwa ajili ya sensa, na waya huo ukikosekana au ukiyumba, sensa kadhaa huonekana zimekufa kwa pamoja ilhali hazina kosa. Ya kwangu ilisoma 5.01 na haikuyumba. Baadaye alinionyesha boksi la mteja mwingine ambalo volti hizo zilishuka hadi chini ya 1 kila alipoiunganisha sensa moja ya throto. Kosa lilikuwa ndani ya sensa, lakini gari lile lilikuwa limeshabadilishiwa sensa nyingine tatu zilizokuwa nzima.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyonifanya niandike. Fundi alichukua kifaa kidogo cha kutengeneza ishara, akalidanganya boksi kwamba injini inazunguka. Gurudumu la krenki la 1NZ-FE lina nafasi 36, lakini meno mawili yameondolewa ili boksi litambue mahali injini ilipo katika mzunguko, hivyo meno yanayopita ni 34. Kwa mwendo wa mizunguko 800 kwa dakika, ambao ni mwendo wa gari lililosimama likinguruma, hiyo ni takriban ishara 453 kwa sekunde. Kwenye osiloskopu mawimbi yalijipanga kama meno ya msumeno, na kila baada ya mawimbi 34 likatokea pengo. Alipoongeza ishara ya kemu, shafti inayofungua valvu, taa nne alizokuwa ameziweka mahali pa nozeli za kunyunyizia petroli zikaanza kuwaka kwa zamu: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili, kisha ya kwanza tena. Huo ndio mpangilio wa uchomaji wa injini hiyo, na kuuona ukitembea mezani, bila tone la petroli wala chuma kinachozunguka, kulinifurahisha kuliko somo lolote nililowahi kulifundisha kuhusu sumaku na umeme.

Kisha akauchomoa waya mmoja, nao ni ule ambao koili za plagi huutumia kulijulisha boksi kwamba cheche imepigwa. Muda mfupi baadaye taa za nozeli zikazimika zote. Boksi la Toyota likikosa taarifa hiyo hufunga mafuta, ili petroli isiyochomwa isiende kuharibu katalisti, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Fundi alisema kwamba mafundi wengi wanaojaribu kupima mezani hukwama hapo: hawaigizi jibu la koili, wanaona nozeli zimekata, wanatangaza kwamba boksi limekufa. Aliurudisha waya, na taa zikaendelea na zamu yake.

Nilimuuliza jambo moja ambalo naamini kila mteja alipaswa kulijua bila kuuliza. Taa ndogo kama zile hutumia umeme wa ampia 0.02 hivi, wakati nozeli halisi ya injini hii ina ukinzani wa omu 14 hivi na huvuta karibu ampia moja, yaani mara hamsini zaidi. Transista iliyochoka, yaani ile swichi ndogo ndani ya boksi inayoiendesha nozeli, inaweza kuiwasha taa vizuri kabisa na bado ikashindwa kuifungua nozeli. Fundi alikubali mara moja, akatoa nozeli nne halisi kutoka chini ya meza, akaziunganisha, na tukazisikia zikigonga kwa mpigo ule ule. Hata hivyo nasikitika kwamba ilinibidi niulize. Kipimo cha taa peke yake kinatosha kuonyesha kwamba boksi linafikiri, lakini hakitoshi kuonyesha kwamba lina nguvu ya kufanya kazi, na karakana inayojiheshimu ingepima vyote viwili kwa kila boksi.

Alilipasha boksi moto kwa drai ya saluni huku likiendelea kufanya kazi, kwa dakika ishirini, akiwa amegandisha kipimajoto kwenye jalada lake. Hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo aliponiambia, "Mwalimu, kontroli boksi lako ni zima. Sasa tutafute anayelizimia."

Sensa ya krenki ya gari hili hukaa chini, karibu na puli ya krenki, mahali penye joto, mafuta na vumbi. Ndani yake ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye sumaku. Ikiwa baridi ilisoma omu 1,240, ambayo ndiyo sababu gereji ya kwanza iliiona nzima. Fundi aliishika kwa koleo, akaielekezea drai, nami nikawa nasoma namba. Shaba huongeza ukinzani kadiri inavyopata joto, kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo nilitarajia namba ipande, na ilipanda: 1,300, 1,380, 1,450. Joto lilipopita nyuzi 80 namba ikafika 1,510, ikayumba, kisha multimita ikaonyesha alama ya waya uliokatika. Tuliizima drai, tukangoja. Baada ya dakika kadhaa namba ikarudi yenyewe kana kwamba haikuwahi kuondoka. Ndani ya ile plastiki kulikuwa na waya uliopasuka mahali fulani, ambao ulikuwa ukiachana kila ulipopata moto na kugusana tena kila ulipopoa. Gari lilikuwa likinieleza hivyo hivyo kwa miezi miwili, nami sikuielewa lugha yake.

Kwa shilingi 450,000 ningenunua boksi la mtumba, ningeendesha nusu saa, na gari lingezimika tena.

Kununua sensa nyingine kulikuwa na somo lake. Nilinunua mbili mjini: moja ya shilingi 25,000 iliyoitwa mpya, katika pakiti isiyo na jina la mtengenezaji, na nyingine ya mtumba kutoka Japani kwa shilingi 40,000, yenye namba zilizochongwa vizuri kwenye plastiki. Zote mbili zilipita kipimo cha multimita. Fundi alizifunga kwa zamu mbele ya lile gurudumu la meno, kwa umbali wa milimita moja, na mota ikizunguka kwa mwendo ule ule. Ile iliyoitwa mpya ilitoa wimbi la chini ya nusu ya urefu wa lile la mtumba. Sensa ya namna hii hutoa volti nyingi injini inapokimbia na volti chache sana inapozungushwa na stata, na wimbi dhaifu maana yake ni gari litakalosumbua kuwaka asubuhi, betri ikiwa imechoka kidogo. Alichagua ya mtumba, akaipasha moto hadi nyuzi 100, haikukatika. Duka lilikubali kuirudisha ile nyingine nilipowaonyesha picha ya osiloskopu niliyopiga kwa simu. Picha hiyo ilikuwa na thamani ya shilingi 25,000 kamili.

Kwa kuwa gari lilikuwa limeshafunguliwa, nilimwomba apime pia sensa ya joto la maji. Aliichovya kwenye sufuria juu ya jiko dogo la gesi pamoja na kipimajoto. Kwenye nyuzi 27 ilisoma omu 1,850 hivi, kwenye nyuzi 80 ikasoma karibu omu 320, na maji yalipochemka ikasoma kama 200. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 96 maji yakiwa yanatokota kabisa. Hilo si kosa la kipimajoto. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kabla ya kufikia 100. Fundi huyu hakusoma fizikia ya chuo, lakini alikuwa ameandika namba 96 kwa rangi nyeupe ukutani juu ya jiko, kwa sababu mara moja aliwahi kuitupa sensa nzima akidhani inadanganya kwa nyuzi nne.

Chini ya namba hiyo ameandika nyingine: 88. Hiyo ni ya sensa za shinikizo la hewa kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Gari likiwa limefunguliwa swichi lakini halijawashwa, sensa hiyo inapaswa kusoma shinikizo la hewa ya mahali lilipo. Dar es Salaam itasoma takriban kilopaskali 101, na hapa Mwanza itasoma kama 88. Fundi aliyejifunzia pwani, au anayesoma jedwali lililoandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari, ataiona 88 na kuitangaza sensa kuwa mbovu. Nimefundisha shinikizo la hewa kwa miaka kumi na minne bila kuwa na mfano mzuri wa karibu kama huo.

Jambo ambalo kipimo cha mezani hakiwezi kulifanya ni kuziona nyaya zilizobaki kwenye gari, na kwa sifa yake fundi huyu halifichi. Baada ya kurudisha boksi na sensa alipima tofauti ya volti kati ya ncha hasi ya betri na injini yenyewe wakati stata inazunguka. Ilikuwa 0.6, wakati yeye hutaka isizidi 0.2. Waya wa ethi ulikuwa umeshika kutu ya kijani kwenye boliti. Aliufungua, akausugua kwa msasa, akaufunga, na namba ikashuka hadi 0.1. Kazi hiyo haikuwa sehemu ya makubaliano na hakuidai fedha.

Siku hiyo hiyo niliona boksi ambalo kweli lilikuwa limekufa, la gari la Kijapani la miaka ya mwanzo ya 1990. Alipolifungua, kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji, zilikuwa zimevujisha maji yake na kula njia za shaba kwenye bodi ya saketi, na alipogusa lehemu kwa chuma cha moto chumba kizima kikajaa harufu kali kama ya samaki aliyeoza. Watu wa ufukweni tunaijua vizuri harufu hiyo, ila sikutegemea kuikuta ndani ya kontroli boksi. Alibadilisha kapasita, akaunganisha upya njia mbili kwa waya mwembamba, na jioni lile boksi likawa linawasha taa zake nne. Alimwonya mwenye boksi kwamba bodi iliyokwisha kuliwa namna ile haina uhakika wa muda mrefu.

Sasa upungufu. Fundi hatoi ripoti ya maandishi. Vipimo vyote vilivyofanyika kwa gari langu viko kwenye daftari lake na kwenye simu yangu kwa sababu nilipiga picha, lakini mteja anayeleta boksi kwa basi kutoka Geita au Musoma na kuondoka hana cha kumwonyesha fundi wake wa nyumbani. Karatasi moja yenye volti, omu na picha ya wimbi ingetosha. Pia hushika pini za boksi kwa mikono mitupu bila kujiunganisha na ethi. Hewa ya ziwani ina unyevu na umeme tuli si tatizo kubwa kama mahali pakavu, lakini kiangazi cha huku kina siku zake, na boksi ni la mteja. Umeme ulikatika mara moja kwa saa nzima na kipimo cha joto kikabidi kuanza upya, kwa kuwa hana betri ya akiba kwenye meza ya vipimo. Bei nayo haikutajwa mwanzoni: niliambiwa mwishoni kwamba ni shilingi 60,000 kwa boksi na sensa mbili, na ingawa naiona ni bei ya haki, mtu anapaswa kuijua kabla ya droo ya gari lake kufunguliwa.

Anayekwenda pale na gari lake aseme ukweli wote kuhusu waliolifungua kabla. Anayetuma boksi peke yake atume pia sensa ya krenki na ya kemu, pamoja na kipande cha soketi kama anacho, na kama gari lina ufunguo wenye chipu ya kuzuia wizi atume ufunguo huo na kile kiboksi chake kidogo, kwa sababu bila hivyo kontroli boksi zima litakataa kufungua mafuta mezani na muda utapotea. Jumatatu na Jumamosi kuna foleni. Mimi nilikwenda Jumatano nikawa wa pili.

Tangu siku ile nimekwenda Sengerema mara nne, mara mbili kati ya hizo jua likiwa la saa saba mchana. Ile sensa iliyopasuka ninayo shuleni, kwenye kabati la maabara, pamoja na multimita na drai ya zamani ya dada yangu, na wanafunzi wa kidato cha pili wameshaichora grafu yake hadi pale inapokatika.